Cessna 172M ya 1975: karatasi ya uzito ina viraka, nipige hesabu au niipandishe mizani?

Mwewe_Arusha: Wakuu, salaam. Karatasi ya ndege hii inasema paundi 1,400, kitovu cha uzito inchi 39.0. Imeshatolewa redio ya ADF (ya kutafutia mwelekeo) na pampu ya vakyumu, na rangi imepigwa upya. Fundi mmoja anasema kujumlisha na kutoa kunatosha, mwingine anataka ipimwe. Nimfuate yupi?

Timazi: Kwa vifaa peke yake, hesabu inatosha. Rangi ndiyo inayoharibu: hakuna ajuaye ya zamani ilibanduliwa kiasi gani na mpya imeingia kiasi gani, na imefika hadi mkiani, mbali na datamu (mahali ambapo umbali wote huanza kupimwa). Ipime.

Hata hivyo piga hesabu kwanza, ili uwe na cha kulinganisha na mizani. Datamu ya 172 ni uso wa mbele wa ukuta wa injini, sehemu ya chini. Kilicho nyuma yake mkono wake (umbali kutoka datamu) ni chanya, kilicho mbele ni hasi. Wengi hukosea kwenye pampu: iko mbele ya datamu, kwa hiyo ukiitoa ni hasi mara hasi, momenti (uzito mara mkono) inapanda. Tuseme ADF ni paundi 7 kwenye inchi 13, pampu paundi 5 kwenye −4:

Zamani: 1,400, momenti 54,600
ADF: −7, momenti −91
Pampu: −5, momenti +20
Mpya: 1,388, momenti 54,529, yaani inchi 39.29

Namba za vifaa hapo ni za mfano. Pima kilichotoka, mkono usome kwenye orodha ya vifaa vya ndege yako.

Mwewe_Arusha: Robo inchi na ushee tu? Ina madhara kweli?

Timazi: Ina madhara, mkuu. Weka rubani wa paundi 170 peke yake mbele (mkono 37), abiria wawili wa 170 nyuma (73), mizigo 110 (95), galoni 20 za mafuta (paundi 120 kwenye 48) na oili (paundi 15 kwenye −14). Kwa karatasi ya zamani kitovu ni 47.20. Kwa mpya ni 47.43. Kikomo cha nyuma cha kitovu ni 47.3, kwa hiyo umeshakipita.

Hangari_Namba2: Upande wa mizani: funga milango ya hangari, upepo ukipita juu ya bawa namba zinacheza. Jaza tairi kwa presha yake, viti vyote mbele kabisa, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) juu, usukani katikati, towbar (fimbo ya kuvutia ndege) na makorokoro nje. Pima maji iwekwe kwenye skrubu mbili za kusawazishia, ubavu wa kushoto wa mkia. Punguza upepo wa tairi ya pua mpaka kiputo kikae katikati. Achia breki, la sivyo magurudumu yanasukumana na mizani inadanganya.

Kisha pima umbali kwa timazi (kamba yenye kipande kizito). A ni umbali kutoka datamu hadi mstari wa ekseli kuu, B ni kutoka ekseli ya pua hadi mstari huo. B pima pande zote mbili uchukue wastani. Kitovu = A − (uzito wa pua × B ÷ uzito wote). Mfano: pua 430, kushoto 490, kulia 500, A 58, B 65, jibu 38.32. Ukikosea inchi moja kwenye B, kitovu kinahama kama 0.3, kwenye A kinahama inchi nzima. Kwa hiyo A pima mara mbili.

Mwewe_Arusha: Mafuta na oili nimwage?

Hangari_Namba2: Mafuta mwaga yote, kisha rudisha kwenye hesabu yale yasiyotumika (yanayobaki tankini bila kuifikia injini); uzito na mkono wake soma kwenye hati ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) namba 3A12. Oili angalia jedwali la upakiaji la kitabu chako. Vitabu vya miaka hiyo huiongeza pale (paundi 15 kwenye −14), kwa hiyo uzito mtupu hauna oili. Ukipima ikiwa imejaa bila kuitoa kwenye hesabu, itaingia mara mbili na kitovu kitaonekana kiko mbele kuliko kilipo.

Timazi: Karatasi ya zamani usiichane. Andika juu yake kwamba imefutwa, weka tarehe, ibaki kwenye faili. Mpya isainiwe na fundi mwenye leseni, na orodha ya vifaa irekebishwe siku hiyohiyo.