Kanikata Bismillahi herufi herufi, halafu ananiuliza nani anaisoma!

Bint_Mchangani:
Nimetoka pale sasa hivi, mikono inanitetemeka, mnistahamilie nikikosea kuandika.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule yule mchapaji wa kadi za harusi. Nusu ya ndoa za mji huu zimepita mikononi mwake, na nusu nyengine zimechelewa kwa sababu yake.

Kaka yangu anaoa. Kadi nimeipanga mwenyewe nyumbani: Bismillahi juu, chini yake aya ya 21 ya Suratur Rum ambayo kila aliyewahi kualikwa harusi anaijua kwa sura, kisha Kiswahili. Kiarabu nimekiweka kwa Amiri, fonti iliyofuata hati ya naskhi ya matbaa ya Bulaq kule Cairo, fonti ya bure, haigharimu hata shilingi. Nikampelekea PDF. Nikampelekea na faili la Word, huenda akataka kurekebisha saa. Nikampelekea na fonti yenyewe ndani ya fleshi hiyo hiyo. Nimfanyie nini tena, nimpeperushie na printa?

PDF hakuigusa. Kafungua Word, kanakili maneno, kayabandika kwenye templeti yake. Na templeti hiyo mnaijua pia: njiwa wawili juu, pete zimefumana katikati, waridi kila pembe. Umri iliokuwa nao, templeti ile ingekuwa binti ingeshaolewa na kuzaa.

Nilikuwepo alipobandika. Mstari mzima wa Kiarabu umegeuka rangi ya waridi kwenye skrini, na mahala pa herufi pamejaa vidirisha vitupu. Nikamwambia, fonti haimo kwenye kompyuta yako, iweke, imo ndani ya fleshi. Akanijibu: "Hiyo rangi haitoki kwenye karatasi, bibie." Kweli haikutoka. Kaiondoa kwa kuchagua Arial, kaenda kunywa kahawa.

Kadi mia tatu, karatasi nzito, ukingo wa dhahabu. Bismillahi imechanwa, hakuna herufi iliyoshikana na mwenzake, na zimepangwa kuanzia kushoto kama Kizungu. Ukianza kulia, kama anavyoanza mtoto wa chuo cha Kurani, unakutana na mim, ye, he, re. Rahim imeanza mkiani! Ami yangu, mtu aliyesomesha chuoni maisha yake yote, kavaa miwani, kaivua, kaifuta, kaivaa tena. Akaniuliza: "Mwanangu, hii lugha ya watu gani?"

Sasa sikilizeni. Nimerudi dukani na kadi mkononi. Sikupiga kelele. Nimemuonesha kwa kidole, herufi moja moja. Akaitazama, hata hakushtuka, uso mkavu, akasema: "Kwani nani anasoma Kiarabu kwenye kadi, bibie? Watu wanatazama siku na ukumbi."

Nani anasoma! Unguja hii! Mji ambao mtoto hajajua kufunga vifungo vya shati na alifu anaitambua kutoka barazani! Nani anasoma! Pesa atanirejeshea au hatanirejeshea, hilo nitalimaliza na wazee. Lakini lile neno. Mbele ya wateja wengine. Jina la Mungu limekatwa vipande, na mtu anafunua kinywa chake anauliza nani anasoma.

Nazima simu, maana namba yake inanipigia.

Kijana_wa_Michenzani:
Pole sana dada'angu. Hujamaliza mstari wa pili nishamjua. Kadi yangu ilitoka na namba ya simu ya bwana harusi aliyenitangulia kwenye templeti ile ile ya njiwa. Wageni wangu wakawa wanampigia yeye kuthibitisha, na yeye akawa anawakaribisha! Kuna watu wa kwetu wamekula biriani Fuoni kwa bwana harusi wasiyemjua, na zawadi wakaacha huko huko.

Shoga_wa_Kikwajuni:
Malalamiko marefu kuliko khutba ya Ijumaa. Kadi zishatoka, waalike watu kwa simu, harusi itafanyika tu.

Bint_Mchangani:
Wewe shoga umelisoma lile neno au umepita tu? NANI ANASOMA KIARABU KWENYE KADI. Mbele ya watu.

Shoga_wa_Kikwajuni:
Nimelisoma. Na mie kadi zote zilizonifikia mwaka huu nimetazama ukumbi.

FundiHerufi:
Naingilia kwa sababu mie ni wa kazi hii tangu zama za PageMaker, programu kongwe ya kupangia kurasa, na jambo hili linaniuma. Watu wanadhani kosa ni fonti. Hata Arial ina Kiarabu ndani yake. Angeweka Amiri na bado zingekatika vile vile.

Herufi ya Kiarabu ina sura yake ikiwa peke yake, ikiwa mwanzo, ikiwa kati na ikiwa mwisho. Sita tu, alifu, dal, dhal, re, ze na wau, ndizo zisizoshika ya mbele yake. Fonti inabeba sura zote, lakini anayechagua ipi ikae wapi ni programu. InDesign, programu ya kupangia kurasa, ndiyo hiyo ya rangi ya waridi, ina vipangaji vya aya vya namna mbili (aya ya maandishi, paragraph, si aya ya Kurani). Kile cha kawaida kimetengenezwa kwa lugha za Ulaya: kinaitoa kila herufi peke yake na kuipanga kutoka kushoto. Chengine kinaitwa World-Ready Paragraph Composer, hicho ndicho kinachojua Kiarabu. Unachagua aya, unafungua menyu ya kidirisha cha Paragraph, unakiteua, unageuza na mwelekeo wa aya uende kulia kwenda kushoto. Kazi ya kupepesa jicho.

Sasa hapa ndipo templeti inapomnasa. Mpangilio huo unakaa ndani ya mtindo wa aya, yaani mkusanyo wa mipangilio uliopewa jina, na mtindo unakaa ndani ya faili. Ukibandika maneno kwenye templeti kongwe, yanarithi ukongwe wake. Mtindo unaoitwa Basic Paragraph ndio mbaya zaidi: maneno yaliyotegemea mtindo huo kwenye faili moja yakihamia jengine yanavaa tabia za mwenyeji, fonti, ukubwa, kila kitu, bila onyo. Ndiyo maana mwenye akili huunda mitindo yake yenye majina yake na kuiacha Basic Paragraph ilivyo. Na ukitaka kila faili jipya lianze na kipangaji sahihi, funga nyaraka zote kwanza, kisha weka mpangilio huku hakuna kilichofunguliwa. Hapo inakuwa ya kudumu kwa mafaili mapya. Ya zamani hayabadiliki, lazima uingie kila templeti urekebishe.

Na yote haya hayakuhitajika! PDF aliletewa! Fonti ikishafumbatwa ndani ya PDF, mashine ya kuchapia haihitaji kuwa nayo. Aiingize vile vile ilivyo, amalize, aende kwenye kahawa yake kwa amani.

Bint_Mchangani:
Allah akulipe, fundi. Nichapishie hayo nikabandike mlangoni kwake.

Mtoto_wa_Baraza:
Fundi, akiuliza nani anasoma maelezo marefu hivyo utamjibu nini? 😂

Mzee_Malindi:
Wanangu, Sultani Barghash alitawala 1870 mpaka 1888, na matbaa aliyoiweka hapa hapa Unguja ilichapa vitabu vya Kiarabu, vya fikihi, kurasa kwa kurasa. Kompyuta haijazaliwa na herufi zilishikana. Leo mtu ana skrini mbili mezani, na Bismillahi inamshinda. Huu ni msiba.

Mtoto_wa_Baraza:
Mzee Barghash asingeweka njiwa wale, hilo tu.

Mwalimu_wa_Wete:
Mnalia na kadi, mie nina vyeti vya wanafunzi! Fundi wetu huku (na yeye hatajwi) kapakua templeti ya cheti ya Marekani. Karatasi yao ni milimita 216 kwa 279. Sisi tunachapa A4, 210 kwa 297. Hakuangalia. Fremu imeliwa kwa pembeni, na chini pamebaki uwanja mtupu wa kuchezea ng'ombe. Mzazi kanifuata: "Mwalimu, mtoto wangu mbona kapewa cheti nusu?" Fundi anasema nikikunje kidogo haitaonekana. Cheti! Nikikunje!

Bint_Mchangani:
Ni ukoo mmoja hao. Lakini huyo hakukuuliza nani anasoma cheti, mwalimu. Huyo wa kwangu kauliza. Kwa kinywa chake.

Karani_Chake:
Mie sina fundi wa kumlaumu, ni Word yenyewe. Tangu 2007 nimezoea fonti ya Calibri, sasa faili jipya linafunguka na Aptos. Naandika nyumbani kwenye kompyuta mpya, barua imekaa ukurasa mmoja safi. Naifungua ofisini, kompyuta kongwe haina Aptos, inaweka inayotaka yenyewe, mistari inahama, muhuri unamwangukia mkuu juu ya saini yake. Nimeitwa nijieleze. Nijieleze mimi!

FundiHerufi:
Karani, fungua dirisha la Fonti, chagua Calibri, bonyeza Set As Default, kisha ukiulizwa teua nyaraka zote zinazotokana na templeti ya Normal. Na ukituma faili kwengine, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi uweke alama ya kufumbata fonti ndani ya faili. Au tuma PDF. Nasema kila siku, tumeni PDF.

Karani_Chake:
Nikituma PDF mkuu anataka kuongeza neno.

FundiHerufi:
Mkuu hana dawa.

Mpemba_Asili:
Ndiyo maana mie harusi zetu zote nachapishia Pemba. Waunguja wana skrini kubwa na kazi ndogo.

Kijana_wa_Michenzani:
Yakhe, Mwalimu wa Wete kakueleza habari za cheti nusu hapo juu, hukupaona? Wete iko wapi, Mombasa?

Mpemba_Asili:
Wete si Chake.

Mwalimu_wa_Wete:
Wewe Mpemba Asili, neno hilo ulifute.

Dukani_Amani:
Kwa wanaotumia Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na matangazo: Microsoft wametangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wake. Mwenye mafaili ya zamani ayageuze PDF mapema. Nasema kwa sababu wa kadi wengi mitaani bado wanayo hiyo.

Mtoto_wa_Baraza:
Kwa hivyo njiwa wanakufa Oktoba?

Dukani_Amani:
Njiwa hawafi. Atawahamishia Word.

Bint_Mchangani:
Nimerudi. Kanitumia ujumbe. Hakuomba radhi. Kaandika: "Nitakupunguzia bei ya kadi za walima." Na chini yake, Bismillahi, kwa simu yake, imeshikana, safi kabisa! Kumbe simu yake inajua! Kiganjani anaiandika nzima, dukani anaichinja, halafu nani anasoma!

Shoga_wa_Kikwajuni:
Chukua punguzo.

Bint_Mchangani:
Sichukui!

Umm_Khamis:
Punguzo la kadi si neno. Nyie hamjamsikia yule mpambaji wa kumbi, mnamjua, aliyeleta vitambaa vya kijani nikamwambia samawati. Kanambia usiku haionekani tofauti. Harusi saa nane mchana!

Kijana_wa_Michenzani:
Huyo wa vitambaa namjua! Kwetu alileta viti vya plastiki kavivisha mashuka ya kulalia.

Mwalimu_wa_Wete:
Na fundi wa kanzu je? Mkono mmoja unafika kwenye kiwiko.

Umm_Khamis:
Fundi wa kanzu afunguliwe uzi wake, nina mengi.

Bint_Mchangani:
Jamani, tulikuwa kwenye Bismillahi.

Mpemba_Asili:
Umm Khamis, vitambaa ulilipa kiasi gani? Mie nina ndugu Mkoani anapamba kwa heshima, rangi unayotaka ndiyo utakayoiona.

Umm_Khamis:
Niandikie pembeni.

Karani_Chake:
Kwani mnazungumzia harusi, kuna mwenye joho la kukodisha wiki ijayo? Bwana harusi ni mrefu, na la rangi nyeusi tafadhali, la kahawia tulilopewa linamfika magotini.