Yule mpiga gitaa wa Ijumaa kaua "The House of the Rising Sun" kwa kodi MOJA. Anyang'anywe gitaa!

KambaSita: Wakuu, simtaji, mnamjua: miwani ya jua saa nne usiku. Jana kaanza kodi (nota kadhaa zikipigwa pamoja) ya A maina, sawa. C, sawa. Kodi ya tatu: D MAINA. D maina jamani! Hata mbwa wa mlinzi kainuka kaenda zake.

Wimbo unakwenda A maina, C, D MEJA, F, kisha A maina, C, E. Utamu wote uko kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba: wazi bila kubanwa, wazi, kisha umebanwa freti ya pili (freti ni vile vyuma vya shingoni), freti ya kwanza, wazi. Ndiyo ile sauti ya mtu anayezama. Ukipiga D maina, uzi wa kwanza uko freti ya kwanza, na F ikija uko palepale, maana kodi hizo zinachangia nota mbili kati ya tatu. Hakuna kinachoshuka! D MAINA!

Halafu kaupiga nne nne, kama gwaride la mgambo. Ule ni 6/8, mapigo sita kila mzunguko. Hilton Valentine, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza The Animals, anachambua nyuzi moja moja, kutoka besi kupanda mpaka uzi wa kwanza na kurudi. Kwenye D unaanzia uzi wa nne, ule wa sita usiuguse kabisa.

Kisha jamaa katangaza eti "The Animals waliutunga 1964". Waliutunga! Wamarekani Clarence Ashley na Gwen Foster waliurekodi 1933. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za mapokeo, akamrekodi Georgia Turner, binti wa miaka 16, kule Middlesboro, Kentucky, 1937. The Animals waliingia studio London tarehe 18 Mei 1964, wakaupiga mara moja, wakatoka. Hilo la historia nasamehe. D maina sisamehi mpaka kaburini.

Kapeto: Nimeona "kodi" nikajua watu wa mapato, TRA, wamepandisha tena. Natoka.

MzeeWaBesi: Mleta mada punguza jazba. Huo ni wimbo wa mapokeo, kila mtu kaubadilisha. Dave Van Ronk, mwimbaji wa folk wa New York, aligeuza kodi, besi ikawa inashuka nusu toni nusu toni. Bob Dylan akaubeba hivyo hivyo kwenye albamu yake ya 1962. Van Ronk anamwomba asubiri kwanza, kumbe mwenzake keshaurekodi!

KambaSita: Van Ronk aligeuza kwa akili, mzee wangu. Huyu hakugeuza kitu, kidole kililala. D MAINA.

Kapeto: Nimerudi. Mkuu, ulilipa kiingilio au ulisikilizia ukutani?

BintiPwani: Mnalilia kidole, dhuluma yenyewe hamuioni. The Animals walikuwa watano, lakini kwenye lebo ya santuri mpangaji wa muziki kaandikwa Alan Price peke yake, yule wa kinanda. Valentine, ambaye gitaa lake ndilo watu wote wanaiga mpaka leo, hayumo!

Santuri45: Na Marekani wakaukata. Dakika nne na nusu zikawa kama tatu, eti redio hazichezi wimbo mrefu. Hao ndio wa kunyang'anywa gitaa.

MzeeWaBesi: Mfaransa Johnny Hallyday mwaka huohuo wa 1964 kauimba Kifaransa, nyumba ikageuka gereza. Kundi la Santa Esmeralda 1977 wakaupeleka disko. Hamkulia.

BintiPwani: Kama ni kava za kuudhi njooni kwenye Malaika. Boney M, 1981. Mimi nimemaliza.

Santuri45: Boney M sema utakavyo, ila Miriam Makeba na Belafonte wa 1965 usiwaguse.

MtaniWaBara: Yote kumi, Malaika ni wetu Watanzania. Adam Salim.

NairobiYaJuzi: Wee! Fadhili William. Hebu tuliza boli.

MtaniWaBara: Kuimba si kutunga, ndugu. Au na Angélique Kidjo naye katunga kwa kuwa kaiweka kwenye albamu yake?

NairobiYaJuzi: Nyinyi mnadai kila kitu, mpaka Kilimanjaro.

MtaniWaBara: Kilimanjaro TUNADAI?? Mods mpo?

KambaSita: Wakuu, turudi kwenye D maina tafadhali.

BintiPwani: Wewe kaa pembeni, watu wazima wanagombania mlima.

Kapeto: Nani ana Malaika ya Fadhili William na Black Shadows, ile ya santuri yenyewe, si hizi zilizoongezewa ngoma za kompyuta? Atupie hapa.