Naombeni ushauri: nijiunge na sororiti ipi hapa chuoni Marekani?

Binti_Nyegezi: Habari wakuu. Niko mwaka wa pili, jimbo la Georgia. Marafiki wananishawishi nijiunge na sororiti, zile jumuiya za wanafunzi wa kike zenye majina ya herufi za Kigiriki. Mmoja ananivutia kwenye zile za Panhellenic, umoja wa sororiti ambazo kihistoria ni za wazungu. Mwingine anasema mtoto wa Kiafrika mahali pake ni kwenye zile nne za Wamarekani weusi. Mama naye kauliza kama ni frimasoni. Niangalie nini?

Mbeba_Boksi: Si frimasoni, mtoe mama wasiwasi. Wewe ulizia ada. Kwa visa ya mwanafunzi unaruhusiwa kazi za hapo chuoni saa 20 tu kwa wiki masomo yakiendelea. Muhula wa kuingia ndio mzito. Omba mchanganuo wa maandishi, wasikupige chenga.

Dada_Atlanta: Mdogo wangu, umefanya la maana kutotaja unayoitaka. Kwenye zile nne, ukijitangaza mtandaoni umejiharibia. Alpha Kappa Alpha (1908), Delta Sigma Theta (1913) na Zeta Phi Beta (1920) zote zilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Sigma Gamma Rho ilianzishwa na walimu saba huko Indianapolis, 1922. Unahudhuria shughuli zao, wanakuzoea, unatulia mpaka watangaze mkutano wa kupokea wanachama wapya. Tawi linaweza kumaliza mwaka bila kupokea mtu.

Na uanachama ni wa maisha. Ukishaapa huku, huhamii kule. Kuna matawi ya wahitimu, wamama wa miaka 60 bado wanalipa ada. Kwa hiyo usifuate waridi na kijani, rangi za Alpha Kappa Alpha, kisa Kamala Harris ni mwenzao. Waanzilishi wa Delta waliandamana Washington Machi 1913 kudai kura ya wanawake, sawa, heshima yao. Je, tawi la chuoni kwako mwaka huu limefanya nini? Jina ni lile lile, lakini chuo hiki utakuta kazi, chuo kile majungu matupu.

Mkenya_Ughaibuni: Mimi niliingia Panhellenic. Huko ni kuchaguana: unazunguka jumuiya zote, orodha inapungua kila hatua, mwisho wewe unapanga unazozitaka na wao wanapanga wanaowataka. Wasikudanganye eti ipi ni ya juu. Jiulize ni wapi uliongea bila kujilazimisha. Na popote ukiambiwa ukeshe, upigwe au unyweshwe pombe ndio ukubalike, toka mbio. Jumuiya zote zimepiga marufuku, na Georgia ilikaza sheria 2021.

Binti_Nyegezi: Asanteni sana. Ada nitauliza kesho. Jumamosi tawi moja lina shughuli ya kuchangia damu, nitaenda. Nivaeje, dada?

Dada_Atlanta: Kawaida tu, nadhifu. Ila usithubutu kuvaa rangi zao.