Marafiki watatu, funguo tatu: wasomaji wangu wanamjua mwizi mapema mno, naombeni ushauri

Binti Makorora

Habari zenu wapendwa. Naandika riwaya yangu ya kwanza, mwaka wa pili sasa, usiku watoto wakishalala. Nimekwama, naombeni mnishike mkono.

Hadithi iko Tanga, baina ya Makorora na Ngamiani. Rehema, Mwanahawa na Stella wameshibana tangu darasa la kwanza, na wako kikoba kimoja, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha watu 25. Wenye vikoba mnalijua sanduku: la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, na lenyewe hulala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Halifunguliwi mpaka watu wamekaa kwenye duara. Washika funguo wangu ndio hao watatu. Siku ya kugawana fedha za mwaka sanduku linaletwa, kufuli zote nzima, hazina hata mkwaruzo. Wanafungua. Ndani mna vitabu vya hisa, muhuri na bakuli la faini. Fedha hakuna.

Sura hiyo naipenda. Shida inakuja baadaye. Nimewapa watu 4 wasome, na wote walipofika sura ya tatu wakasema ni Rehema, kwa kuwa ana mtoto mgonjwa na deni la dukani. Nikamfutia deni. Wakasema basi ni Stella, mwema kupita kiasi. Taharuki yote imekufa.

La pili ndilo linaloniuma. Msomaji mmoja alinirudishia daftari akasema, "Umeonyesha vizuri kwamba wanawake hawapendani." Usiku ule sikulala. Mama yangu alipokuwa eda, miezi 4 na siku 10, mashoga zake walipokezana kulala kwetu. Mmoja alikuwa anatandika mkeka miguuni pa kitanda chake, na mama akishtuka usiku anakuta mkono umeshamfikia. Wanawake ninaowajua mimi ni hao. Nifanyeje urafiki wao uwe wa kweli na bado msomaji aogope?

Msomaji wa Usiku

Dada, Rehema hana kosa. Umempa mmoja sababu ya kuiba, wenzake hukuwapa, na msomaji wa hadithi hizi humtafuta mwenye shida kabla ya kitu kingine. Wape wote watatu shida. Halafu mpe kila mmoja siri isiyohusu fedha kabisa, mradi imfanye adanganye alikuwa wapi siku fulani.

Unasimulia kwa nafsi ipi? Kama msimulizi wako anaingia vichwani mwa wote na kumruka mwizi, pengo litaonekana tu. Mimi ningempa Mwanahawa asimulie mwenyewe, wenzake awaone kwa nje: mikono yao, wanavyokata maneno akiingia. Hapo swali la nani kaiba linakuwa dogo. Kubwa ni shoga yangu anajua nini ambacho hajaniambia. Hilo linaogofya kwa sababu anampenda.

Mama Zuu

Mdogo wangu, mimi nimeshika ufunguo miaka 6, nisikie.

Kwanza, kila mkutano ukiisha, salio linatangazwa kwa sauti na watu wanalikariri kichwani. Kwa hiyo hakuna atakayebishana kulikuwa na shilingi ngapi. Weka tukio hilo, wote 25 wakitaja tarakimu ileile huku sanduku liko tupu. Pili, wiki za mwisho mikopo haitolewi tena, inarudishwa tu, ndiyo maana sanduku linajaa wakati ule kuliko mwaka mzima. Mwizi wako anayajua haya.

La tatu sijawahi kulisema hadharani. Kufuli zetu zilinunuliwa duka moja, siku moja, aina moja, za bei rahisi. Siku moja mwenzangu alisahau ufunguo nyumbani, mvua inanyesha, hakuna anayetaka kumsubiri. Nikajaribu wangu kwenye kufuli yake. Ikafunguka. Kufuli za namna ile meno ya funguo hufanana mno, funguo moja huweza kufungua mbili tatu. Wiki iliyofuata tulibadilisha zote, kila moja ya aina yake. Kwenye hadithi yako wasibadilishe. Mmoja agundue kwa bahati, anyamaze.

Kijana wa Songea

Mtunza sanduku yuko wapi? Mtaani kwetu yeye angekuwa wa kwanza kuzungukwa. Wewe umempita kwa sentensi moja.

Shani wa Kisauni

Mie niko Mombasa, huku twasema chama, lakini mambo ni yayo kwa yayo. Nakuongezea leso, nyinyi mwaita kanga. Huuzwa doti, vipande viwili, jina moja, yale maneno yaliyochapwa. Mashoga wawili hugawana, huyu kimoja na huyu kimoja, wakavaa siku ya harusi wakajulikana ni wamoja. Haya, wako wako watatu. Doti haigawanyiki kwa watatu. Kuna wawili wameshawahi kugawana, na wa tatu aliona lile jina akajua kwamba hakuitwa. Asiseme chochote kitabu kizima. Akikunja nguo za mwenzake tu, akutane nayo.

Na neno shoga usilitoe kwa kuwaogopa watu wa bara. Huku pwani ni neno la mapenzi baina ya wanawake, lina utu wake. Msomaji atalielewa kwa namna wanavyoitana.

Binti Makorora

Nimesoma yote mara mbili, machozi yananilenga. Mwanahawa atasimulia. Mtunza sanduku nitamwandikia sura yake nzima, Kijana umenena. Na kufuli ndiyo fundo lenyewe: Mwanahawa aligundua mapema, akamwambia Rehema peke yake, kwa kumwamini. Tangu siku ile fedha zilipopotea anajua ni Rehema au ni yeye mwenyewe, na yeye hakuiba. Kila akitaka kusema anamkumbuka yule mtoto. Hakuna chuki hapo, shoga Shani, ni mapenzi yamemziba mdomo. Doti nitaiweka kwa Stella, yeye ndiye aliyeachwa nje.

Mama Zuu, nisaidie kimoja niandike usiku huu: ufunguo wako uliingiaje kwenye kufuli ya mwenzio?

Mama Zuu

Uliingia kama wake. Kuzunguka ndiko ulikogoma, mpaka niliponyanyua kidogo kwa kidole gumba, ukalia "ka". Tukatazamana. Mvua inapiga bati. Tulinyamaza kitambo kirefu kabla hatujamwita mwenyekiti.