Tupeane uzoefu: uliyeishi Dar na Nairobi, njoo utuambie ukweli

Mtoto wa Tabata (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Kila nikiona watu wanalinganisha Dar na Nairobi wanabishana maghorofa tu, mara wao wana ile barabara ya juu toka 2022, mara sisi tuna treni ya umeme, basi mechi imeisha. Leo naomba tuongee waliolala kote kuwili, yaani kodi umelipa Dar na Nairobi pia umelipa, sio ulienda semina siku tatu.

Naanza mimi. Nimezaliwa Dar, nikakaa Kayole, Nairobi, 2018 hadi 2021. Kilichonishangaza kwanza ni nyumba. Hapa kwetu ukitaka kuhama kwa shemeji inabidi ujichange mwaka mzima maana mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, akikuonea huruma mitatu, na dalali naye ana mwezi wake juu. Kule nimefika Jumatatu, Jumatano nina funguo. Bedsita 6,500 ya kwao, kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi, kwisha. Nikapiga simu nyumbani kuwaambia Dar tunaonewa.

Mwezi wangu wa nne pale mshahara ukachelewa. Tarehe 5 keateka, yaani msimamizi wa nyumba, akatuma meseji, tarehe 8 akagonga, tarehe 11 narudi kazini saa mbili usiku nakuta kufuli lingine juu ya kufuli langu. Wala hakugomba, alikuwa kakaa kwenye ngazi anatafuna muhindi wa kuchoma, akaniambia "siste, hata mimi nimeandikwa tu". Nikalala kwa binti wa ghorofa ya pili ambaye tumepishana kwenye ngazi zile miezi mitatu na simjui hata jina. Hapo ndo nikaelewa ile miezi sita ya Dar, inauma kuitoa ila ukishaitoa hata kazi wakikufukuza una pa kulala wakati unawaza.

Haya leteni zenu.

Mzee wa Rangi Tatu

Mimi nilifanya kazi kule miaka miwili. Wiki ya kwanza bosi kaniuliza mbele ya watu "bibi yako anaendelea aje?" nikamjibu alishafariki toka 2009. Ofisi nzima kimya. Jioni nikaletewa bahasha ya mchango. Nakuja kujua kwamba kwao bibi ni mke nilishakula ile hela, ikawa kila mke wangu akija Nairobi namtambulisha dada.

Chapo Dondo

Mimi natoka upande ule mwingine wasee, nilitoka Umoja nikahamia Sinza 2019 na niko hapa bado. Siku ya kwanza nimeingia duka nikasema "leta soda baridi", mama ananiangalia tu. Akaniuliza "kwani uliniwekesha?" Nikadhani hajaskia nikarudia kwa nguvu. Saa hii nasalimia mpaka nasahau nilikuwa nataka nini.

Daladala nayo ni mambo. Kwetu tangu zile sheria za Michuki za 2004 kila mtu na kiti yake na mkanda yake, angalau kwa karatasi. Hapa nilisimama Mwenge mpaka Mbagala mkono juu kama mwanafunzi anajua jibu, na konda bado anapiga kelele nyuma kweupe. Lakini nauli ni ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Nairobi wingu ikijifunga tu, ya 50 inakuwa 100 kabla tone la kwanza lianguke, na makanga hana aibu.

Pesa pia. Kwetu mama mboga wa sukuma ya kumi ako na till ya M-Pesa, hapa nilikuwa nabeba noti kama mtu anaenda kununua ng'ombe. Na siku moja nikamwambia jirani ako na luku kali, yaani amependeza, akaniuliza uniti ngapi za umeme.

Mtoto wa Tabata

Hahaha mzee wa Rangi Tatu rudisha rambirambi za watu.

Mama Chanika

Mimi niongelee msiba maana huko ndo nilipoijua miji yote miwili. Nimeishi Nairobi miaka saba, mume wangu ni wa kule. Baba mkwe alipofariki kitu cha kwanza likafunguliwa grupu la WhatsApp, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, bajeti imeandikwa, jeneza, gari la kupeleka mwili Siaya, chakula. Vikao kila jioni kwenye ukumbi wa hoteli mjini, chai unajinunulia, unachangia, jina lako na kiasi vinasomwa, saa mbili kila mtu anawahi gari. Wiki mbili hivyo, maana mtu mwenye ushago, yaani kwao kijijini, hazikwi Nairobi. Nililia bafuni, huko nje kila mtu kashika karatasi.

Mwaka uliofuata mama yangu akaondoka, hapa Chanika. Mpaka basi linatoka Namanga wananiambia tayari wameshazika. Nafika nakuta turubai limefunga njia nzima, bodaboda wanapitia nyuma ya nyumba, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na yule jirani tuliyegombana naye sababu ya kuku wake ndiye anapepeta mchele. Nilikaa katikati yao nikalia mpaka nikalala.

Ila nisiwe mnafiki. Wale wenye makaratasi walilipa deni lote la hospitali na mweka hazina akatuma hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Hapa tulilisha watu siku tatu nikabaki na deni la mchele dukani mpaka Ramadhani.

Mla Mutura

Mnaipamba sana Dar. Huyo jirani wa kupepeta mchele ndiye huyo huyo anajua leo umepika nini na nani kalala kwako. Mimi nadizaini mabango. Nairobi mteja atakubania bei mpaka utukane kimoyomoyo, ila kazi ikiisha simu inalia, hela imeingia. Dar mteja ananiita kaka, ananikaribisha chakula, ananiuliza mama anaendeleaje, mwezi wa tano huu hela hatoi na nikimdai naonekana mimi ndo sina utu. Na foleni ya Mbagala jioni sitaki hata kuikumbuka. Mambo yakikaa sawa narudi Nairobi, mutura, ile soseji yao ya utumbo, ya saa moja jioni pale stejini peke yake inatosha kunirudisha.

Mama Chanika

Hapo kwenye kudai umenigusa. Hiyo ni kweli kabisa.

Mgeni Njiani

Wakuu nimepata kazi huko, naripoti mwezi wa saba. Niko Dar toka nizaliwe. Nibebe masweta mangapi?

Chapo Dondo

Mwezi wa saba? Buda, ule mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Julai unaweza maliza siku tatu hujaona jua. Beba mawili, soksi nzito na jaketi. Feni achia dada yako.

Mzee wa Rangi Tatu

Na wakikuuliza habari za bibi, sema hajambo.