Mrejesho: kibofu cha kaka aliyeanguka mnazi

Wakuu, niliuliza kama kaka yangu, aliyeanguka mnazi huku Pangani akaumia uti wa mgongo shingoni, akubali kukatwa msuli unaofunga mkojo. Asanteni sana. Daktari ametueleza: kibofu kinabana huku msuli umefunga, presha inapanda, mkojo unarudi kwenye figo. Hilo ndilo la kuogopa, kuliko kulowa! Msuli ukikatwa haurudi, mkojo unavuja muda wote, atavaa kondomu yenye mrija na mfuko. Njia nyingine, kupanua kibofu kwa kipande cha utumbo, ingemtaka ajiwekee mwenyewe katheta (mrija wa kutoa mkojo), na vidole vyake havishiki. Kaka mwenyewe amechagua mrija wa kutoa mkojo unaopita tumboni, chini ya kitovu, hadi kwenye kibofu. Kawekewa Tanga mjini, anaendelea vizuri. Utabadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na ultrasaundi za figo na kibofu hatuziachi, maana mawe hujitengeneza.