Mhandisi wa umeme na udhibiti kwenye chuma: kinu, kampuni ya mitambo, au tanuri?

Saketi_Wazi
Wakuu, naombeni mawazo. Nimemaliza uhandisi wa umeme, nikaegemea mifumo ya udhibiti, na nina nafasi tatu mkononi, zote za sekta ya chuma. Ya kwanza ni matengenezo kwenye kinu cha kuviringisha chuma cha moto: PLC (kompyuta za kuendesha mitambo), draivu (vidhibiti vya kasi ya mota), sensa, na zamu za usiku. Ya pili ni kampuni inayounda mitambo. Unaandika programu ofisini, kisha unakwenda kwa mteja kuuwasha mtambo. Ya tatu ni umeme mkubwa kwenye tanuri la tao, linaloyeyusha chuma kwa tao la umeme. Mishahara inakaribiana, kwa hiyo tuiache. Ninachohofia ni kuchagua njia itakayonifungia nyingine.

Rola_Kumi
Nenda kinuni, bila kusita. Ukanda wa chuma unapita stendi (fremu zenye rola za kuubana) sita au saba mfululizo, na kila unapopungua unene unaongeza kasi. Stendi moja ikichelewa kidogo, chuma kinajikunja katikati; ikiwahi, kinavutika au kinakatika. Mota zote hizo za stendi, kila moja ya megawati kadhaa, lazima ziende kwa makubaliano.

Halafu kuna unene. Kipimo cha eksirei kinakaa baada ya stendi ya mwisho, kwa hiyo kinapokuambia kuna kosa, mita kadhaa zimeshapita. Ndiyo maana unene unakadiriwa kwenye stendi yenyewe, kutokana na nguvu ya rola na jinsi fremu ya stendi inavyonyumbuka, halafu silinda za haidroliki zinarekebisha nafasi papo hapo. Ule ucheleweshaji uliousoma darasani kama hesabu tu, hapa unauona ukizaa chuma chakavu. Hakuna ofisi itakayokufundisha hilo.

Sanduku_la_Zana
Rola_Kumi anapenda kinu chake, na sibishani naye juu ya ufundi. Ila kiwandani utaijua laini moja, na mara nyingi yenye vifaa vya vizazi vitatu vilivyounganishwa kwa subira. Kwenye kampuni ya mitambo unaona laini mpya kila mradi. Unaanza na waya mmoja mmoja, kila ingizo na kila tokeo, kisha mtambo unazungushwa bila chuma, mwisho ndipo chuma cha kwanza cha moto kinaingia na watu wote wanasogea nyuma ya kioo. Unajifunza pia modeli za ngazi ya pili, zile zinazokokotoa mipangilio ya stendi kabla ukanda haujafika.

Ubaya wake: mradi ukichelewa, nyumbani watakuona kwenye simu. Na baada ya kukabidhi unaondoka, hujui programu yako inafanyaje kazi mwaka wa tano.

Mama_Voltiji
Wanangu, mbona tanuri mnalipita? Chuma chakavu kikidondoka juu ya elektrodi za grafiti, tao linaruka, mkondo unapanda na kushuka ovyo, na taa za majirani zinapepesa. Transfoma za matanuri makubwa zinazidi MVA 100 (MVA ni kipimo cha uwezo wa umeme). Kuutuliza mzigo wa namna hiyo kuna SVC na STATCOM, vifaa vya kutuliza voltiji, kuna vichujio vya hamoniki (mawimbi ya ziada yanayochafua umeme), kuna udhibiti wa elektrodi unaosoma impidansi (ukinzani wa saketi kwa mkondo) na kuzisogeza kwa haidroliki. Ukiyajua hayo, gridi ya taifa itakutaka, reli itakutaka, mashamba ya upepo pia.

Tena angalieni sekta inakoelekea. Njia ya tanuri kubwa la koki (makaa ya mawe yaliyookwa) hutoa takriban tani 2 za kaboni dioksidi kwa kila tani ya chuma. Port Talbot, Wales, walizima tanuri lao la mwisho la aina hiyo Septemba 2024, na linalokuja ni la tao. Mradi wa HYBRIT wa Uswidi ulitoa chuma sponji (kilichoondolewa oksijeni bila kuyeyushwa) kwa hidrojeni mwaka 2021, na hidrojeni hiyo inatokana na umeme. Kote huko anatafutwa mtu wa umeme mkubwa.

Rola_Kumi
Kweli, mama, lakini tanuri moja linahitaji wahandisi wa aina hiyo wachache sana. PLC na draivu ziko kila kona ya kiwanda, hadi kwenye maji ya kupozea.

Kalibu
Na usubuaji mfululizo, yaani kumimina chuma kioevu kwenye kalibu bila kukatiza, hakuna aliyeutaja! Usawa wa chuma kioevu kwenye kalibu unashikiliwa ndani ya milimita chache, na vitambuzi vya joto vilivyopachikwa kwenye kuta zake vinaonya ganda likikaribia kupasuka. Kazi nzuri sana kwa mtu wa udhibiti.

Jambo jingine, usalama wa mtandao. Mamlaka ya usalama wa habari ya Ujerumani, BSI, iliandika katika ripoti yake ya 2014 kwamba wavamizi walipenya kutoka mtandao wa ofisi ya kiwanda cha chuma hadi mifumo ya udhibiti, na tanuri likashindwa kuzimwa ipasavyo. Anayejua PLC na mtandao kwa pamoja ana soko.

Sanduku_la_Zana
Saketi, kuhama kutoka kiwandani kuja kwetu ni rahisi kuliko unavyodhani. Tunapenda watu waliowahi kuamshwa usiku. Ila waulize wa kinu maswali mawili. Wana kinasa data cha milisekunde, na mhandisi mpya anaruhusiwa kukifungua? Na programu ya PLC, wewe utaigusa au utaitazama tu?

Saketi_Wazi
Nimewaandikia. Kinasa kipo na ni ruksa. Lakini nywila za PLC ziko kwa kampuni iliyofunga mtambo.

Sanduku_la_Zana
Basi utabadilisha fyuzi na sensa.

Rola_Kumi
Uliza kwanza mkataba wa huduma wa hao waliofunga unaisha lini. Kwetu ulipoisha, tulikabidhiwa kila kitu.